Masikio ya Baba Mkwe

Haya yote ni kweli tupu. Naapa kwa goti langu la kulia, ambalo halijawahi kunidanganya hata siku moja kuhusu mvua, na anayetaka kubisha aje alishike. Yako mambo niliyowahi kuyatia chumvi, sikatai. Lile la kiboko aliyepanda lori langu la majani chai pale Keroka akateremka Sotik bila kulipa nauli, lile lilikuwa na chumvi. Alilipa. Lakini hili la Doha halina hata punje.

Binti yangu Nyanchama ni muuguzi Doha. Mumewe Gerishon ni mbeba mizigo wa hoteli huko huko, na wana mtoto mmoja, Emily, ambaye bado anaita kila mnyama "paka", hata ngamia. Wanakaa Al Wukair, kwenye jengo jipya kiasi kwamba lifti bado imevaa nailoni. Nyumba nzuri, watu wazuri, ila Gerishon alikuwa na shida ya pombe.

Utauliza mtu anaipata wapi pombe Doha. Mtu mwenye kiu hachelewi. Gerishon alikuwa akiloweka tende na hamira kwenye ndoo, anaificha bafuni nyuma ya mashine ya kufulia. Nguo za nyumba nzima zilinukia sherehe. Nyanchama aliniambia, na simuongezei neno, kwamba siku moja mashine ilifua karibu na ile ndoo mpaka ikalewa, ikatoka bafuni ikiyumba, ikaenda kuegemea friji.

Haya yote wangeyamaliza wenyewe, ila Gerishon akavuka mpaka. Nyanchama alikuwa akiongea na mama yake kwa video. Gerishon akatokea amejaa tende hadi kwenye nyusi, akauona uso wa mama mkwe kwenye simu, akasema, "Mama, nimekukumbuka sana," akaibusu simu. Busu la sauti.

Sasa asiyetujua atacheka. Sisi Wakisii tuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni haya, lakini si haya ya kuinamisha kichwa tu, ni sheria. Mtu na wakwe zake hawagusani ovyo, hawakai ubavu kwa ubavu, na hawasikilizani mambo ya aibu. Ukiivunja, pole haitoshi. Anachinjwa mbuzi, mnakula pamoja, mnaoshana macho. Mama Nyanchama, alipobusiwa, alikuwa jikoni Keroka. Aliitupa simu ndani ya sufuria ya maziwa, na maziwa ya boma letu yakakataa kuganda wiki nzima. Mbuzi akachinjwa. Nilikula ini mimi mwenyewe. Kisha wazee wakaamua niende Doha nikaone nyumba ya binti yangu kama bado imesimama.

Nikaenda. Uwanja wa ndege mashine ilipiga kelele kwa ajili ya goti langu, wakanipapasa, wakaniachilia. Shida ikaja ya kulala. Baba mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, na jengo la Al Wukair lina paa moja tu, liko juu kabisa. Wazee wakapigiwa simu. Wakajadiliana mpaka salio likaisha, wakapiga wenyewe, wakasema sakafu ya juu ni paa la aliye chini, kwa hiyo kila ghorofa ina paa lake na nisiwasumbue tena. Basi nikapewa godoro ghorofa ya chini kwa Wesley, kijana wa kompyuta anayetoka Eldoret, mpole, anayekula mkate na mkate.

Siku iliyofuata Nyanchama aliniita juu. Sanduku jekundu lilikuwa limesimama mlangoni, limefungwa.

"Tata," akaniambia, maana Mkisii humwita baba hivyo, "nimepata kitanda kwenye hosteli ya wauguzi. Ukirudi Kenya utarudi na Emily, akae na mama. Mimi nimechoka kuishi na ndoo."

"Na mume?"

"Nimempa Ijumaa moja. Kuna mkutano wa watu wanaoacha pombe. Aende, asimame mbele ya watu, aseme kwa mdomo wake. Akisema, sanduku linarudi juu ya kabati. Asiposema, mnaondoka na mtoto."

"Basi aende."

"Utakwenda naye. Ushuhudie kwamba amesema. Yeye akiniambia alisema, simwamini. Wewe ukiniambia, nitakuamini nusu."

"Kwa nini nusu?"

"Nakujua, Tata."

"Mwanangu, nitasikilizaje aibu ya mkwe wangu? Mama yako atanilaza na kuku."

"Hilo utajua wewe," akasema, akaenda kazini.

Nikashuka kwa Wesley na huzuni yangu. Nikamweleza kwamba natakiwa niwe mahali ambapo mtu anasema, nijue kwamba amesema, lakini nisisikie anachosema. Wesley akafikiri huku akitafuna mkate. Akafungua droo, akatoa hedifoni kubwa nyeusi, za kufunika sikio lote kama vifuniko vya sufuria.

"Hizi zinazuia kelele zote, mzee wangu. Ukivaa hizi hata ndege ikianguka, unaona tu vumbi."

Nikazivaa. Nikamwona Wesley akisogeza midomo na sauti hakuna. Nikaridhika.

Maelekezo ya mkutano Nyanchama aliyapata kwa mfanyakazi mwenzake. Yalikuwa mafupi: Umm Salal, barabara ya mashamba, tafuta lango lenye kiti cha plastiki cha kijani nje. Usiulize jina la mtu, hutapewa.

Siku ya Ijumaa treni za Doha huanza alasiri; zilipoanza tukaondoka. Yeye behewa la mbele, mimi la nyuma, kwa sababu ya chinsoni, na kila kituo kila mmoja alitoa kichwa nje kuhakikisha mwenzake hajateremka. Tulipofika kaskazini tukachukua teksi. Gerishon akakaa mbele, mimi nyuma, kila mtu akitazama dirisha lake. Dereva alikuwa Mnepali mpole. Alifikiri tumegombana, akatuwekea wimbo.

Barabara ya mashamba ya Umm Salal ni ndefu, imenyooka, na kila lango lina mlinzi. Kila mlinzi ana kiti. Na kila kiti, ndugu msomaji, kilikuwa cha plastiki, cha kijani. Nafikiri siku moja ilinyesha mvua ya viti.

"Ni kipi?" akauliza dereva.

"Cha kijani," akasema Gerishon.

Dereva akatutazama, akatuteremsha hapo hapo.

Lango la kwanza kiti hakikuwa na mtu, na kutoka ndani tulisikia Kiswahili. Tukaingia. Watu walikuwa wamekaa duara chini ya turubai, chupa za chai katikati, na mwanamke mmoja amesimama na kipaza sauti ambacho hakikuunganishwa popote. Gerishon akanitazama, mimi nikamtazama. Duara, chai, nyuso zilizochoka. Ni hapa.

"Tumepata wageni," akasema yule mwanamke. "Wageni wasimame watusalimie."

Nikavaa hedifoni zangu haraka. Gerishon akasimama, akashika kiti cha mbele yake kama usukani, akasema, "Naitwa Gerishon, na mimi ni mlevi."

Utaniuliza nilijuaje alichosema. Nilisoma midomo. Gerishon ana midomo inayosomeka kutoka mbali kama kibao cha barabara.

Mzee mmoja akaacha kutafuna. Kisha yule mwanamke, ambaye ndiye mwenyekiti, akasema, kwa midomo iliyosomeka vizuri zaidi, "Asante kwa ukweli wako, ndugu. Kamati hii imepata kila mtu isipokuwa mtu anayeelewa vinywaji. Anayeunga mkono?"

Mikono ikainuka yote. Akapigiwa makofi. Tulikuwa tumeingia kwenye kamati ya harusi. Kabla Gerishon hajakaa, alikuwa ameshaingizwa kwenye kundi lao la simu, jina lake likafuatiwa na cheo: Mkuu wa Vinywaji. Akajaribu kueleza. Akasema amekuja kuacha. Mwenyekiti akamwambia kila kiongozi husema hivyo mwanzoni, wajibu ni mzito, lakini Mungu hutia nguvu.

Na Mkenya hatoki kwenye mkutano kabla ya sala ya kufunga. Tukakaa. Wakabishana kuhusu vitambaa vya rangi ya papai, wakabishana kama rangi ya papai ni ya papai bichi au bivu, wakamaliza, mtu akaleta "mambo mengineyo", wakaanza upya. Waliposali nilikuwa wa kwanza kusema amina, na hapo Gerishon alinitazama kidogo, kwa sababu hedifoni bado zilikuwa masikioni. Nikamwonyesha mbingu kwa kidole. Mambo ya kiroho hupita kwenye plastiki.

Tukatembea. Jua la Umm Salal lilikuwa likitafuta mtu wa kumlaumu, likatupata sisi. Kila lango tulilouliza mlinzi alituambia hapana, hapa ni kwa Abu fulani, endeleeni. Gerishon alianza kupunguza mwendo.

"Baba," akasema bila kunitazama, "labda turudi. Tumejaribu."

"Sanduku liko mlangoni, Baba Emily."

Akaongeza mwendo.

Lango la mwisho lilinuka mbuzi. Lilikuwa izba, shamba la mifugo, na juu ya kiti cha kijani alikaa mlinzi mrefu, kitambulisho chake kimeandikwa Mutai.

"Mnaenda kwa nani?" akauliza.

"Hatujui jina," akasema Gerishon.

"Kufanya nini?"

Gerishon akatazama viatu vyake. "Siwezi kusema mbele ya huyu mzee."

"Na wewe, mzee, unaenda kufanya nini?"

"Nimekuja kushuhudia," nikasema, "lakini sitasikia."

Mutai akasimama, akasogeza kiti chake pembeni, akafungua lango. "Basi mmefika. Wanaokuja kununua mbuzi hujua wanachotaka."

Mkutano ulikuwa nyuma ya zizi, chini ya neti ya kivuli, na feni moja kubwa iliyopuliza harufu ya mbuzi kwa haki, kila mtu fungu lake. Aliyeongoza aliitwa Edith, mwanamke mnene wa sauti ya taratibu, msimamizi wa vyumba kwenye hoteli moja. Akaeleza sheria. Majina ya kwanza tu. Mtu akisema, wengine wanasikiliza. Kinachosemwa hapa kinabaki hapa, na mbuzi. Karibu naye alikaa Mganda, mpishi, ambaye sitamtaja jina kwa sababu ya siri ya mkutano, ingawa kofia yake ilishonwa "Bradley" kwa uzi mwekundu.

Nikavaa hedifoni. Edith akanitazama kwa huruma.

"Mzee, unaweza kuzivua hizo?"

Nikatikisa kichwa. Ndiyo, alikuwa akinitazama, nikasoma midomo.

"Si lazima leo," akasema. "Wengi huja hivyo. Masikio bado hayajakubali."

"Mimi mwezi wa kwanza nilikuja na kofia ya pikipiki," akasema Bradley, akasogeza kiti chake, akanishika mkono. Nikajaribu kuuchomoa. Akaushika kwa nguvu zaidi. "Najua, mzee. Najua inavyouma."

Kwa hiyo nikawa mlevi mkubwa kuliko wote pale, mimi ambaye chai ya tangawizi hunipandisha kichwa. Nilipokohoa walitikisa vichwa. Nilipojifuta jasho Edith alisema, "Yaache yatoke."

Kulikuwa na mbuzi mmoja wa kahawia mwenye pembe moja. Alitoa kichwa nje ya uzio, na kila mtu alipotaja jina lake kundi lilijibu "karibu", na yule mbuzi akajibu "mee". Hakukosea hata mara moja. Bradley akasimama, akaeleza alivyokuwa akiweka divai kwenye mchuzi wa wageni na kuuonja, na kuuonja tena, hadi siku mpishi mkuu alipokuta sufuria kavu, nyama haijatoka kwenye friji, na yeye Bradley amelala akiwa amekumbatia mwiko. "Mee," akasema mbuzi. Hakuna aliyecheka.

Ikafika zamu ya Gerishon. Akasimama. Akafungua mdomo, akaufunga. Akanitazama mimi na hedifoni zangu, na nikaona kwamba plastiki haitoshi. Mtu hawezi kuvua moyo wake mbele ya baba mkwe hata kama baba mkwe ni kiziwi. Nikakumbuka sanduku jekundu. Nikakumbuka Emily, na jinsi ningemweleza ndani ya ndege kwamba baba yake alifika hadi kwenye mlango wa maneno akarudi. Basi nikachukua kiti changu, nikakigeuza, nikawapa mgongo wote. Nikabaki kutazamana na yule mbuzi.

Hapo ndipo akasema.

Najua utauliza. Sikuwa na midomo ya kusoma. Nilisoma uso wa mbuzi. Mbuzi anayehudhuria mkutano kila Ijumaa huwa na uso unaoeleza mambo.

"Naitwa Gerishon," alisema, "na mimi ni mlevi. Nilisema hivi leo mahali pengine wakanipa cheo." Simu yake ikalia mfukoni. Ilikuwa kamati ya harusi. Ikalia tena. Akaizima. "Nina mtoto. Nikiingia nyumbani haniambii karibu. Ananinusa kwanza. Anakuja hadi hapa shingoni, ananinusa kama mama yake anavyonusa maziwa kabla ya kumpa. Nikinuka tende anarudi kukaa. Hajasema chochote. Hata kusema vizuri hajui bado. Amejifunza tu."

Mbuzi akanyamaza. Feni ikanyamaza, au mimi ndiye niliyeacha kuisikia, maana nilikuwa nimeziba masikio. Kitu kikaniingia jichoni. Umm Salal kuna vumbi.

"Na juzi," akaendelea, "nilimbusu mama mkwe. Kwenye simu. Na kibaya zaidi, nilipombusu, simu ilikuwa na mafuta ya samaki, nikailamba."

Hili la kulamba halikuwa limefika Keroka. Wala Nyanchama hakuniambia. Nikamwona mama watoto wangu, mwanamke wa kanisa, ambaye hata mimi humwomba ruhusa kumshika mkono, akilambwa kwa mafuta ya samaki. Nikabana mdomo. Nikabana na pua. Kicheko kikatafuta njia nyingine, nikaanza kutikisika hadi kiti kikalia, mwishowe kikatoka chote, kirefu, na mbuzi akaitikia.

Nikajua wamenigeukia. Nikafanya jambo la haraka: nikapiga kiganja kwenye paja kwa mdundo, nikaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya mtu aliyezama kwenye muziki wake. Nikaimba beti zote. Nilipomaliza Edith alikuwa analia.

"Asante, Gerishon," akasema. "Na asante, mzee. Wengine huanza kwa kucheka, wengine kwa kuimba. Wewe umeanza kwa vyote viwili."

Wakanikumbatia mmoja mmoja.

Tukingoja treni, Gerishon akasimama mbali nami kwa heshima, akiongea na nguzo.

"Baba, ulikuwa ukicheka nini?"

"Wimbo."

"Wimbo gani?"

"Wa kanisani."

"Wa kanisani unachekesha wapi?"

"Ubeti wa tatu," nikasema, na treni ikafika, kila mtu akaenda kwenye behewa lake.

Nyanchama alikuwa sebuleni, bado amevaa sare. Sanduku lilikuwa pale pale. Emily alikuwa akimlisha ngamia wa kitambaa, akimwita paka. Gerishon, kwa furaha ya mtu aliyetua mzigo, akawasha simu aweke katuni za mtoto. Simu ikaanza kulia kama kuku aliyetaga. Nyanchama akaichukua, akasoma kwa sauti.

"'Mkuu wa Vinywaji, kamati inakutegemea. Mkuu wa Vinywaji, usituangushe. Mkuu wa Vinywaji, leta vya kuonja Jumapili.'" Akainua macho. "Mlikwenda wapi?"

"Si unavyofikiri," akasema Gerishon. "Nilisimama nikasema mimi ni mlevi, wakanichagua."

Ukweli huwa una siku zake mbaya. Nyanchama akaenda akashika mkono wa sanduku.

"Tata, wewe ndiye shahidi. Baada ya hapo mlikwenda kwenye mkutano wenyewe?"

"Tulikwenda."

"Alisimama?"

"Alisimama."

"Alisema?"

"Alisema."

"Alisema nini?"

"Mwanangu, mimi ni baba mkwe wake. Niliziba masikio."

"Umejuaje basi kwamba alisema?"

"Nilisoma midomo."

"Baba alikuwa ametupa mgongo," akasema Gerishon, mtu mwaminifu wakati usiofaa.

"Ulisoma midomo kwa mgongo, Tata?"

"Kulikuwa na mbuzi," nikaanza, na nikaona uso wake, nikaacha.

Mlango ukabishwa. Wesley, na mkate wake mkononi.

"Samahani, mzee wangu. Hizo hedifoni, nilisahau kukwambia ukitoka. Zilikufa kitambo. Hazizuii kitu, labda baridi. Siku ile nilikuwa natafuna tu, sikusema neno, ukafurahi sana nikashindwa kukuvunja moyo."

Watu wote wakanitazama, hata ngamia wa kitambaa.

Sasa pima mwenyewe. Nikisema sikusikia, shahidi hakuna, sanduku linatoka, na mimi naruka na mtoto. Nikisema nilisikia, chinsoni imevunjika, na safari hii aliyeivunja ni mzee mwenye mvi, balozi wa wazee wenyewe. Tangu Keroka iwe Keroka hakuna baba mkwe aliyetoa mbuzi kwa kosa la kudukiza. Na juu ya hayo, sheria ya Edith.

Huku nikipima, Emily aliweka ngamia chini. Akamwendea baba yake. Gerishon akapiga magoti bila kuambiwa, akainamisha shingo. Mtoto akaweka pua, akanusa upande mmoja, akahamia wa pili, bila haraka, kama mpima majani chai kiwandani. Akamaliza, akainua mikono abebwe.

"Alisema kuhusu hilo," nikasema.

"Lipi?"

"Hilo la kunusa. Alisema mtoto anamnusa kama wewe unavyonusa maziwa. Alisema akinuka tende, anarudi kukaa. Edith anisamehe."

Nyanchama hakujua kwamba Gerishon anajua. Niliiona usoni. Alifikiri ni yeye peke yake katika nyumba ile aliyekuwa akiiona ile pua ikifanya kazi. Akaachia mkono wa sanduku, na sanduku likaanguka kifudifudi kama mtu aliyechoka.

"Kwa hiyo ulisikia," akasema.

"Nilisikia."

"Yote?"

"Tangu ya papai."

"Na la mama?" akauliza Gerishon kwa sauti ndogo, uso ameuficha nyuma ya Emily.

"Na la mafuta ya samaki, mkwe."

"Mafuta gani ya samaki?" akauliza Nyanchama. Akili yake ni ya muuguzi, akapata mwenyewe. Akakaa chini sakafuni, akacheka hadi majirani wakagonga ukuta.

Wazee walipopigiwa simu hawakujadiliana hata kidogo. Mbuzi, atoke mfukoni mwangu, achinjiwe huko huko Doha, tule mimi na mkwe. Mama Nyanchama nyuma yao alikuwa akisema awe mnono.

Ijumaa iliyofuata tukarudi izba, sasa sote, na Emily.

"Leo mnakwenda kwa nani?" akauliza Mutai.

"Leo tunataka mbuzi," nikasema.

"Basi mzee umepotea njia kweli," akasema, lakini akafungua.

Nikamchagua yule wa pembe moja, maana tulishazoeana, na nilifikiri yeye anajua kesi. Edith akasimama mbele ya zizi, mikono kiunoni. Huyo, akasema, hajakosa mkutano tangu uanze, hakuna mwanachama mwingine mwenye rekodi hiyo, na wanachama hawaliwi. Wakapiga kura. Bradley ndiye aliyehesabu. Nikamnunua mwingine, mnene zaidi, nikampeleka machinjioni, Bradley akampika bila divai na bila kuonja hata mara moja. Tulikuta amesahau chumvi. Tukala mkekani, mimi na Gerishon sinia moja. Alinichagulia ini. Hatukutazamana, lakini tulikula kwa kasi moja, na hivyo ndivyo mambo huoshwa.

Ile ndoo sasa Emily anaogeshea ngamia. Gerishon anakwenda kila Ijumaa, na kamati ya harusi haikumwachia: alisimamia vinywaji, akawapa wageni mia moja juisi ya ukwaju, wakarudi nyumbani wakiwa wima na wamekasirika.

Hapa ningemaliza. Lakini jana nilimpa Nyanchama karatasi hizi aone kama kuna kosa. Alisoma mstari wa kwanza tu.

"Tata, umeapa kwa goti gani?"

"Imeandikwa hapo. La kulia."

"La kulia si ndilo walilokuwekea la chuma? Lile lililopiga kelele uwanja wa ndege?"

Nikamwambia chuma nacho kina hisia, hasa kuhusu mvua. Akaniambia chuma kinajua kutu tu, na kiapo cha goti la watu ni uongo mbele ya mkwe, na uongo mbele ya mkwe ni chinsoni. Nikamwambia hiyo sheria ameitunga sasa hivi. Akampigia mama yake. Mama yake akasema ni ya zamani sana.

Ninaandika mstari huu nimekaa kwenye kiti cha kijani cha Mutai, kamba mkononi, nikingoja teksi itakayokubali abiria wawili, mmoja wao mwenye pembe.